Ukienda Kaitaba, fika na Kyaka

SHABIKI anayefunga safari kwenda Bukoba na timu yake mara nyingi huijua Kaitaba tu: dakika 90, senene wa kukaanga, basi linageuza.

Lakini jina la wenyeji, Kagera Sugar, limebeba mengi kuliko pointi tatu. Kiwanda kilichoizaa timu hiyo kipo Missenyi, jirani na mpaka wa Uganda. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka, yakapora kiwanda na mali za wananchi, kisha Novemba yakalipua daraja la Kyaka katika Mto Kagera. JWTZ ikajibu mapigo, na Aprili 11, 1979 Kampala ikaanguka.

Leo magari ya Bukoba–Mutukula yanapita darajani kama kawaida. Magofu ya kanisa lililopigwa vitani bado yapo Kyaka, na vilima vya kupanda kwa miguu vipo.

Kama mechi ni saa 10 jioni, asubuhi yote ni yako. Dandia Hiace, ukajionee, urudi kabla ya filimbi. Utawazomea Wana Nkurukumbi, ila kwa adabu kidogo.