Vumbi la Mbao na Mota ya Mashine: Chanzo, Dalili na Kinga

Wakiulizwa kuhusu utunzaji wa mashine za useremala, watahiniwa wengi huandika: "Mota isafishwe mara kwa mara." Jibu hilo ni sahihi, ila halielezi vumbi linaiharibu mota kwa namna gani, na hapo ndipo alama zilipo. Elewa njia tatu zifuatazo. Dalili na kinga utazitoa mwenyewe bila kukariri.

1. Vumbi huzuia mota kupoa

Mkondo wa umeme unapopita kwenye koili huzalisha joto. Feni ya mota hupitisha hewa juu ya mbavu za ganda ili joto hilo liondoke. Vumbi likiziba matundu ya kifuniko cha feni na kujaa kati ya mbavu, hewa haipiti. Isitoshe, mbao ni kipitishi duni cha joto. Ndiyo maana mwiko hauunguzi mkono unaposonga ugali. Joto likizidi, vanishi inayotenganisha nyaya za koili huharibika, nyaya hugusana na mota huungua. Kwa makadirio ya mafundi, kila ongezeko la 10 °C hupunguza maisha ya vanishi hiyo kwa nusu.

2. Vumbi hukwamisha swichi ya kuanzia

Mota nyingi za fezi moja zina koili ya kuanzia. Koili hii hukatiwa umeme na swichi iliyo ndani ya mota mwendo unapofikia takriban 75% ya kasi yake ya kawaida. Vumbi likiingia kati ya ncha za swichi, ncha hazigusani: mota huvuma bila kuzunguka. Swichi ikikwama ncha zikiwa zimegusana, koili ya kuanzia hubaki na umeme muda wote na kuungua.

3. Vumbi hukausha beringi

Vumbi hufyonza grisi. Beringi kavu hukaza, na mota hulazimika kuvuta mkondo mkubwa zaidi. Joto la koili hufuata kanuni P = I²R. Mkondo ukipanda kutoka 10 A hadi 12 A, I² hupanda kutoka 100 hadi 144. Yaani, ongezeko la mkondo la 20% huleta ongezeko la joto la 44%.

Kinga

- Vuta vumbi kwa mashine ya kufyonza pale linapotoka, karibu na msumeno au randa.
- Chagua mota iliyofungwa kabisa, yenye feni ya nje.
- Kila baada ya kazi, zima mashine, chomoa plagi, kisha safisha mbavu na kifuniko cha feni kwa brashi. Vaa barakoa na miwani.
- Usipulize ndani ya mota kwa upepo wa kompresa. Husukuma vumbi hadi kwenye swichi na beringi.
- Hakikisha mota ina kifaa cha kukata umeme inapozidiwa. Kikikata, tafuta chanzo kabla ya kuwasha tena.

Kumbuka kuwa vumbi la mbao hushika moto. Mota yenye joto kali iliyofunikwa na vumbi inaweza kuteketeza karakana nzima.

Swali la mfano

Mota ya fezi moja ya msumeno wa mviringo inavuma lakini haizunguki.
(a) Taja sababu moja inayotokana na vumbi.
(b) Kwa nini izimwe mara moja?

Jibu

(a) Vumbi limezuia ncha za swichi ya kuanzia kugusana, hivyo koili ya kuanzia haipati umeme.
(b) Mota iliyosimama huvuta mkondo mkubwa sana, na feni yake haizunguki kuipoza. Koili zinaweza kuungua kwa muda mfupi.

Zingatia: kila jibu limetaja sehemu ya mota, kilichoipata na matokeo yake. Jibu maswali yote ya aina hii kwa mpangilio huo.