"Nut": Neno Moja, Korosho, Karanga na Nati

Katika gereji za Masasi, kusini mwa Tanzania, fundi humwagiza kijana wake alete spana akaze nati. Kwenye maghala ya vyama vya msingi vya ushirika, magunia ya korosho ghafi husubiri mnada. Mwingereza huviita vyote viwili, kile cha fundi na kile cha mkulima, kwa neno moja: "nut".

Neno hilo ni la kale. Zaidi ya miaka elfu moja iliyopita Waingereza waliliandika "hnutu", na Wajerumani bado wanasema "Nuss". Maana yake ya kwanza ilikuwa kokwa lenye ganda gumu la miti ya misitu ya Ulaya. Kilatini kilikuwa na "nux", na kiini chake kikaitwa "nucleus". Wanafizikia walilichukua jina hilo kwa kiini cha atomu, nasi tukapata nyuklia. Mafundi chuma wa Uingereza nao walitumia "nut" kwa kipande kidogo kigumu kinachoshika bolti, na kwa njia ya gereji neno hilo likatufikia kama nati. Mitaani kichwa cha mtu pia kikaitwa "nut", ndiyo maana aliyerukwa na akili husemwa ni "nuts".

Mazao ya nchi za joto yalipofika sokoni Ulaya, yalitiwa kapu hilohilo: korosho, karanga, nazi, hata njugu mawe. Mtaalamu wa mimea hakubali. Kwake "nut" ni tunda kavu, gumu, ambalo halipasuki lenyewe likikomaa. Karanga ni jamii ya kunde, ndugu wa maharage, na hukomaa ardhini. Korosho ni mbegu ya mti wa ukoo mmoja na mwembe. Huning'inia nje ya bibo, ambalo ni kikonyo kilichovimba, na ganda lake lina mafuta yanayounguza ngozi. Kwa kipimo hicho, hakuna hata moja kati ya hizo iliyo "nut" ya kweli.

Historia ya Kusini nayo inatofautisha mazao hayo. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mradi mkubwa wa karanga Kongwa, Urambo na Nachingwea, jirani na Masasi. Matrekta yaliletwa, ujenzi wa bandari ya Mtwara na reli ukaanza, lakini mwaka 1951 mradi ukafutwa baada ya kumeza mamilioni ya pauni. Korosho, iliyoletwa Afrika Mashariki na Wareno kutoka Brazili, ilienea mikononi mwa wakulima wadogo, na ndiyo inayobeba uchumi wa Newala na Masasi leo.

Utata wa neno hili huingia hadi kwenye bei. Katika minada ya vyama vikuu vya ushirika TANECU na MAMCU kinachouzwa ni korosho ghafi, pamoja na ganda lake. Kwenye rafu ya duka la London, "nut" ni korosho iliyokwisha kubanguliwa. Kilo moja ya kubanguliwa huhitaji takriban kilo nne hadi tano za ghafi, kwa hiyo anayelinganisha bei hizo mbili moja kwa moja anajidanganya.

Lililo zito zaidi ni afya. Wapo watu ambao punje chache tu za karanga huweza kuwaua kwa mzio, na wengine hudhurika kwa korosho. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2011 kuhusu lebo za vyakula inaziorodhesha karanga peke yake, na korosho katika kundi jingine. Kiswahili kilishatenganisha majina hayo zamani. Basi wabanguaji wa Newala na Masasi, mnapoandika kifungashio au kutafsiri lebo, msiishie kwenye "nut". Tajeni zao lenyewe kwa jina lake, na kama mashine ileile husindika karanga pia, liandikeni hilo waziwazi.