MOUKOKO: Magoli tuliyaona, umri tukaubishia!

LEO nina la kukiri. Desemba 2020, pale kijiweni kwetu, nilikuwa wa kwanza kupayuka: "Huyo kijeba!" Nilikuwa namsema Youssoufa Moukoko wa Borussia Dortmund, aliyekuwa ametoka kuifunga Union Berlin akiwa na miaka 16 na siku 28. Kabla yake hakuna aliyewahi kufunga Bundesliga akiwa mdogo vile. Jamaa wote wakacheka. Mdogo wangu peke yake hakucheka. Aliacha kahawa yake nusu, akanyanyuka, akaenda zake.

Sasa mpate kijana mwenyewe. Alizaliwa Yaoundé, Cameroon, 20 Novemba 2004, na mwaka 2014 akamfuata baba yake Hamburg. Akaanzia timu ya watoto ya St. Pauli, na 2016 Dortmund wakamnyakua. Septemba 2017 akavaa jezi ya Ujerumani ya chini ya miaka 16. Yeye ana 12! Agosti 2019, mechi yake ya kwanza na vijana wa Dortmund wa chini ya miaka 19, akatupia sita peke yake. Yaani si mchezo.

Badala ya kuhesabu magoli, watu wakahesabu miaka. Baba mtu akaeleza kuwa mtoto aliandikishwa kwenye ubalozi mdogo wa Ujerumani kule kule Yaoundé. Wapi! Maneno hayakwisha, na hata shirikisho la soka la Ujerumani likaacha kwa muda kumwita timu za vijana, ili apumue.

Mwaka 2020 ligi ikashusha umri wa kucheza hadi miaka 16. Tarehe 21 Novemba, siku moja tu baada ya kutimiza umri huo, akaingia dhidi ya Hertha Berlin kumpokea Erling Haaland. Miaka miwili baadaye akacheza Kombe la Dunia kule Qatar, dhidi ya Japani, akiwa na miaka 18 na siku tatu.

Lakini mambo hayakumnyookea. Majeraha ya mguu yakamwandama, benchi likamzoea. Juni 2023 alikosa penalti na timu ya chini ya miaka 21 dhidi ya Israel, akamwagiwa matusi ya ubaguzi wa rangi. Mwaka 2024 akaenda Nice kwa mkopo, na mwishoni mwa mwaka huo televisheni moja ya Ujerumani ikaufufua ule ubishi wa umri. Nyaraka zake za Kijerumani zinasema 2004, na ndizo alizochezea. Mwaka 2025 akahamia FC Copenhagen ya Denmark.

Na mdogo wangu je? Alipokuwa na miaka 13 alishanipita urefu. Kila akifunga, uwanja mzima: "Kijeba! Kijeba!" Mama akapeleka cheti cha kuzaliwa, wakasema cha kughushi. Viatu vikaishia uvunguni, hadi leo. Siku zile nilikuwa pembeni ya uwanja, ukweli naujua, nikanyamaza.

Dogo, hili gazeti huwa unalisoma. Nisamehe kaka yako.