Kitu kilichotumika kilipiwe kodi mara ngapi?

Tangu simu zenye intaneti ziingie katika nyumba zetu, namna ya kununua imebadilika. Zamani, mtu aliyetaka cherehani, friji au viatu vya watoto alizunguka soko la Kenya mpaka apate. Leo binti anafungua simu, anatazama picha ya kitu kilichotumika huko Ubelgiji, Dubai au Japani, anatuma pesa, na familia inangoja. Kitu kinapofika Kasumbalesa au uwanja wa ndege wa Luano, duane inadai kodi. Hapo wengi wetu tunauliza: kitu hiki si kipya, mwenyewe wa kwanza alikwisha kukilipia kodi kwao. Kwa nini sisi tulipe tena?

Swali hilo ni la haki. Lakini tusikimbilie kujibu "tusilipe kitu". Tulitazame polepole, kama tunavyofanya hesabu ubaoni pamoja na watoto.

TVA inafanyaje kazi

Kodi tunayozungumzia ni TVA. Sheria yake ilitiwa sahihi tarehe 20 Agosti 2010, na ilianza kutumika tarehe 1 Januari 2012, mahali pa kodi ya zamani iliyoitwa ICA. Kiasi chake cha kawaida ni asilimia 16, maana yake franka 16 juu ya kila franka 100.

Kampuni iliyoandikishwa inapolipa TVA juu ya mali inayonunua, inaikata kwenye TVA inayopaswa kupeleka serikalini. Kwa hiyo haiumii. Mama anayenunua kwa matumizi ya nyumba hana pa kuikata. Na mama mwenye meza ndogo sokoni, asiyeandikishwa, naye hana. Kodi inaishia mfukoni mwao.

Tena, kwenye mpaka TVA haihesabiwi juu ya bei ya kitu peke yake. Wanachukua bei, wanaongeza usafiri na asiransi, wanaongeza ushuru wa duane, kisha juu ya jumla hiyo ndipo wanapiga asilimia 16.

Tufanye mfano. Mtu wa Ubelgiji alinunua cherehani mpya kwa euro 242. Kwao TVA ni asilimia 21; kwa hiyo euro 200 ni za mashine na euro 42 ni za kodi. Baada ya miaka michache anaiuza kwa nusu ya bei, euro 121. Hakuna anayemrudishia kodi yake. Kwa hiyo ndani ya zile euro 121, tunaweza kusema euro 21 ni kodi ya Ubelgiji ambayo bado imelala humo.

Mama wa Lubumbashi anainunua. Tuseme usafiri na asiransi ni euro 59: jumla 180. Tuseme ushuru wa duane ni asilimia 10: euro 18, jumla 198. TVA ya asilimia 16 juu ya 198 ni euro 31 na senti 68. Mashine imefika kwa karibu euro 230, na ndani yake mna TVA mbili, ya Ubelgiji na ya Kongo.

Sasa tazama jambo ambalo wengi hawalijui. Duka la Ubelgiji likipeleka cherehani mpya nje ya Ulaya, linaiuza bila TVA ya kwao, kwa sababu mali inayotoka nje ya Ulaya haitozwi kodi hiyo. Tajiri anayeagiza mashine mpya analipa TVA moja. Maskini anayeagiza iliyochakaa anabeba mbili. Hapo ndipo ubaya ulipo.

Lakini kuna mama mwingine

Tukisema vitu vilivyotumika visilipiwe kodi kabisa, tumkumbuke mama anayeuza mitumba sokoni. Balo yake ya nguo ilipita mpakani, na kodi iliyolipwa huko imo ndani ya bei aliyoinunua. Analipa pia meza yake. Ikiwa mtu mwingine anaweza kuingiza nguo 200 kwa jina la "vitu vya familia" na kuziuza kwa simu bila kulipa chochote, wateja watamkimbia yule wa sokoni. Huyo wa simu naye ni mfanyabiashara, hata kama hana meza.

Sisi walimu tuna neno lingine pia. Tangu Septemba 2019, watoto wetu wanasoma shule ya msingi ya serikali bila wazazi kulipa mshahara wa mwalimu. Mshahara huo unatoka katika hazina ya serikali, na hazina inajazwa na kodi. Hatuwezi kudai masomo ya bure asubuhi, na jioni tukasema hakuna anayepaswa kulipa.

Wengine walifanyaje

Australia iliwahi kuacha vifurushi vingi vya dola zao 1000 au chini vipite bila kodi ya mauzo. Wenye maduka wakalalamika. Tangu tarehe 1 Julai 2018, soko kubwa la intaneti linakata asilimia 10 mnunuzi anapolipa, hata kama kitu kimetumika. Lakini jirani akimuuzia jirani kitabu chake cha zamani hukohuko Australia, hakuna kodi. Kitabu kilekile kikitoka kwa mtu wa London kupitia soko hilo, kodi ipo. Wameziba tundu moja na kufungua lingine.

Ulaya ina njia tuliyoipenda zaidi. Mfanyabiashara wa vitu vilivyotumika akinunua kitu kwa mtu wa kawaida kwa euro 100 na kukiuza kwa 130, TVA inahesabiwa ndani ya ile faida ya 30 tu. Wanakubali kwamba zile 100 zilikwisha kulipiwa. Kuhusu vifurushi, tangu tarehe 1 Julai 2021 Ulaya inatoza TVA hata kwenye kifurushi kidogo kilichonunuliwa nje. Lakini zawadi ya mtu kwa mtu isiyozidi euro 45 inapita bila kodi.

Maoni yetu

Anayeagiza kwa wingi ili auze, alipe, awe na meza sokoni au awe na simu tu. Lakini kwa kitu kilichotumika, hesabu isianze kama vile ni kipya. Wafanyabiashara wa mitumba walipe TVA juu ya faida, kama Ulaya. Na familia inayopokea cherehani moja, kompyuta moja ya mwanafunzi au viatu vya watoto, ipewe kiwango ambacho chini yake haitozwi, kiandikwe na kubandikwe mpakani ili kila mtu akisome. Kiwango kilichofichwa kinamsaidia mwenye kudai rushwa peke yake.

Tukingoja hayo, tuna kazi ya kufanya leo. Sheria ya duane ya 2010 inasema thamani inaanzia kwenye bei iliyolipwa kweli. Lakini bei bila ushahidi ni maneno tu. Kwa hiyo:

Tunza karatasi ya malipo na ujumbe wote ulioandikiana na muuzaji, picha ya kitu ikiwemo. Iandikwe wazi kwamba kimetumika, na kama kina kasoro, itajwe.

Kabla ya kutuma pesa, fanya hesabu yote: bei, usafiri, ushuru, TVA. Mara nyingi utakuta cherehani iliyoko tayari sokoni kwetu ni rahisi zaidi.

Pesa ya kodi ilipwe banki, na karatasi yake ibaki mkononi mwako. Anayekuomba ulipe bila karatasi haombi kodi.

Mwenye karatasi za namna hiyo azilete kwenye mkutano wa chama. Mama mmoja akilalamika mpakani, wanamwambia asogee wengine wapite. Wamama 30 wenye karatasi mkononi, watatafutiwa kiti.