Alama, Arifa na Tahadhari katika Kiini cha Linux

Watafsiri wa maandishi ya kompyuta hupenda kulitumia neno tahadhari kwa kila jambo lihusulo hatari ndani ya mtambo. Nia yangu ni kuonyesha kwamba katika kiini cha Linux, yaani programu ya msingi isimamiayo vifaa vyote, neno hilo moja huficha mambo matatu.

Ndani ya kompyuta mna vipimio vidogo vya joto, vya umeme na vya mwendo wa feni. Kiini hukisoma kipimio na kulionyesha joto katika faili kwa sehemu za elfu za digrii. Hivyo 45000 ni digrii 45 za sentigredi. Kando ya faili hilo laweza kuwapo jingine lenye tarakimu moja tu: 0 kukiwa salama, 1 joto likipita kikomo. Hiyo ni alama. Alama haisemi, hungoja kutazamwa. Kwa miaka mingi programu nyingi zilikuwa hazina budi kulifungua faili kila baada ya muda na kuuliza. Ikiuliza kwa nadra, programu hupitwa na hatari. Ikiuliza mno, yauchosha mtambo bure.

Mwaka 2020 kiini kiliongezewa njia ya pamoja ya kuarifu. Hapo kabla madereva wachache, yaani programu ziendeshazo vipimio, walijitengenezea njia zao. Sasa joto likipita kikomo, kipimio chaweza kupeleka ishara ya umeme kwa kichakataji. Dereva huipokea, na kiini hutangaza tukio pamoja na jina la alama iliyogeuka. Programu iliyokuwa ikingoja huamshwa. Hii ndiyo arifa. Ila kipimio kisichounganishwa kwa waya wa ishara hiyo hakina sauti, na bado hapana budi kiulizwe.

Je, tahadhari ni ipi? Sarufi yatujibu: atahadhariye ni aliyesikia, na atahadharishaye ni msemaji. Kiini huarifu, programu ndiyo itahadhariyo, kwa kuongeza mwendo wa feni au kuuzima mtambo. Najua kwamba "kutoa tahadhari" kumezoeleka redioni, na katika habari za mvua kubwa sina ugomvi nako. Lakini fundi asomaye kwamba kiini "kimechukua tahadhari" aweza kudhani feni zimekwisha kuharakishwa, ilhali arifa imetolewa na hapana programu hata moja iliyokuwa ikiisikiliza.