Kwa nini uanagenzi unawakera madaktari vijana

Baada ya miaka 6 chuoni, daktari hasajiliwi kikamilifu hadi amalize mwaka mmoja wa uanagenzi hospitalini, akizunguka wadi za watoto, uzazi, upasuaji na magonjwa ya ndani. Awe Bungoma au Kitale, sharti ni lilo hilo.

Wanagenzi hawapingi mafunzo. Wanapinga kucheleweshwa kutumwa na malipo duni. Mkataba wa 2017 uliwapa takriban Sh206,000 kwa mwezi. Mwaka 2024 serikali ikataka kulipa Sh70,000. Madaktari wa chama cha KMPDU wakagoma siku 56. Desemba, serikali ikakubali kuheshimu mkataba.

Hoja yao ni moja: anayezalisha akina mama usiku wa manane, hata akisimamiwa, ni mfanyakazi. Na asipotumwa, mgonjwa ndiye anayebaki kwenye foleni.