Ndege wa Masika na Viota Vyao

Katika nchi za Ulaya watu huingojea miezi ya Machi na Aprili kwa hamu kubwa. Baridi huondoka, miti huchipua, na ndege huanza kujenga. Wengi huenda kandokando ya mabwawa, wakakaa kimya manyasini, wakawatazama ndege wakibeba majani na kulisha makinda. Sisi wa Chemba hatuna majira kama hayo. Tuna kiangazi na masika tu. Lakini ndege wa kwetu nao wana wakati wao wa kujenga, na anayewapigia mbiu ni mvua.

Mvua ya kwanza huanguka mwisho wa Novemba, au mwezi wa Desemba, tena huendelea mpaka Aprili. Ardhi iliyokuwa nyekundu na tupu hupata nyasi. Panzi, viwavi na vyura hutokea kila mahali. Basi mzazi mwenye manyoya huona kwamba chakula cha watoto kimefika, naye hujenga. Kwa hiyo mtu atakaye kuona viota vingi asiende mwezi wa Septemba, maana ataona miiba na vumbi. Aende kati ya Januari na Aprili, mashamba yawapo mabichi na madimbwi yamejaa.

Maji ya nchi yetu yana tabia yake. Mto Bubu hutoka katika nchi za juu upande wa kaskazini, ukapita nchi ya Kondoa, ukaja Farkwa katika wilaya yetu ya Chemba, kisha ukashuka kusini hata mbuga ya Bahi. Hauendi baharini. Maji yake hukusanyika Bahi, yakatandaa juu ya udongo mweusi, na kiangazi kikija hukaushwa na jua, pengine yote, yakaacha chumvi. Mwaka wa mvua nyingi mbuga ni kama ziwa. Mwaka wa ukame ni uwanja wa nyufa. Watafiti wa ndege wameihesabu mbuga hiyo miongoni mwa mahali pa maana katika Tanzania, nchi yenye aina za ndege zaidi ya 1,100. Tena yafaa tukumbuke kwamba mti ukatwao huku juu, na shamba lilimwalo ukingoni mwa Bubu, habari zake hufika Bahi pamoja na matope.

Si kila ndege tumwonaye wakati wa mvua amekuja kuzaa. Korongo weupe, wenye miguu myekundu na mbawa zenye weusi nchani, hujenga Ulaya, juu ya mapaa ya nyumba na minara. Huja kwetu kukimbia baridi, wakala panzi, nzige na viwavijeshi, kisha wakarudi. Zamani watu wa Ulaya hawakujua ndege hao waendako. Mwaka 1822 korongo mmoja alionekana karibu na Klütz, katika Ujerumani, akiwa na mkuki wa Kiafrika umempenya shingoni, urefu wake kama sentimeta 80. Alikuwa ameruka safari ile yote na mkuki mwilini. Ndipo watu walipopata ushahidi ulio wazi ya kuwa korongo huenda Afrika. Ndege yule alikaushwa, naye amehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Rostock hata leo. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Korongo alaye viwavi katika shamba la mtama amewaponya wenyeji kweli.

Sasa tuwatazame wajenzi wenyewe. Wa kwanza ni fundichuma, ndege wa rangi ya kahawia, mwenye kisogo kilichochongoka hata kichwa chake kikafanana na nyundo. Yeye na mkewe hukusanya vijiti, majani na matope, wakajenga katika panda ya mti nyumba yenye paa, ambayo upana wake waweza kupita mita moja. Mlango ni mdogo, nao umesiribwa kwa udongo. Mahali pengi watu humwogopa, wakisema kumgusa ni balaa. Hofu hiyo haina msingi, lakini imemlinda na watoto wenye mawe. Tena nyumba yake ikiachwa, bundi huingia akakaa, na bundi ni mwindaji wa panya walao ghala zetu. Wangapi kati yetu humfukuza bundi usiku, na asubuhi tukalalamika juu ya panya?

Penye maji yenye mayungiyungi yupo ndege mwenye vidole virefu mno, atembeaye juu ya majani bila kuzama. Kwake yeye, mume ndiye aatamiaye mayai, naye mume ndiye aleaye makinda. Hatari ikija, huwakusanya chini ya mbawa zake akaondoka nao, na miguu yao mirefu ikaonekana ikining'inia. Mama hana kazi katika ulezi huo.

Kweche naye ni wa kuangaliwa. Kiangazi chote dume lake ni la kahawia kama jike, hata hawatambulikani. Mvua ikija hubadili manyoya, akawa mwekundu na mweusi kama kaa la moto, akajenga viota kati ya matete na mabua.

Na korongo mwenye taji ya dhahabu kichwani, yule aliye katika bendera ya Uganda, hujenga chini katikati ya nyasi za bwawa. Hutaga mayai 2 au 3, na mume na mke huatamia kwa zamu karibu mwezi mzima. Tangu mwaka 2012 ndege huyu amewekwa katika hesabu ya wale walio katika hatari ya kutoweka duniani, kwa sababu mabwawa yanakauka na kulimwa, na watu huwakamata wakawauza. Mtu atwaaye mayai yake mawili ametwaa uzao wa mwaka mzima.

Kuhusu hesabu ya mayai, iko habari njema kwa waalimu. Bwana Reginald Moreau, Mwingereza aliyekaa Amani katika milima ya Usambara tangu mwaka 1928 kwa miaka mingi, alichunguza viota vya ndege wa Afrika. Mwaka 1944 alichapisha maandiko yake juu ya jambo hilo, akionyesha kwamba ndege wa nchi za joto kwa kawaida hutaga mayai machache kuliko jamaa zao wa nchi za baridi. Basi kiota kilichovunjwa kwetu si hasara ndogo.

Lakini najua, ndugu zangu, kwamba wako wanaosoma maneno haya huku wakinung'unika, “Mbona huyu asifu ndege, nasi twalia njaa kwa ajili yao?” Neno lenu ni la haki. Na tuseme habari za kwelea.

Kwelea ni mdogo, uzito wake hauzidi sana gramu 20, na mdomo wake ni mwekundu. Jike, wakati wa kuzaa, mdomo wake hugeuka manjano. Hujenga katika miti ya miiba au matete, viota maelfu kwa maelfu, pengine hata mamilioni mahali pamoja. Wote hutaga karibu siku zile zile, kwa kawaida mayai 3. Yai huanguliwa kwa siku 10 hata 12, na baada ya muda kama huo tena makinda hutoka kiotani. Kwa hiyo koloni zima laweza kuanza na kumaliza kazi yake katika muda wa wiki 6 hivi. Makinda hulishwa wadudu kwanza, kisha mbegu za nyasi. Mbegu za mwituni zikipungua, ndipo jeshi lile likageukia mtama, uwele na mpunga.

Kwelea mmoja aweza kula nafaka kama gramu 10 kwa siku. Ni kidogo, lakini haba na haba hujaza kibaba, nayo huweza kukimaliza pia. Kwelea milioni moja watakula tani 10 kati ya mapambazuko na machweo. Hapo baba hukaa juu ya dungu na kombeo lake, mama hupiga debe, na watoto huacha shule wakaenda kuamia ndege. Mwalimu huita majina, akajibiwa na madawati matupu.

Serikali hutuma ndege za kuruka zikanyunyiza sumu iitwayo fenthioni juu ya miti walalapo kwelea. Sumu hiyo huua wengi, na mashamba ya jirani huweza kuokoka. Lakini haichagui. Kipanga, bundi na korongo, walao kwelea au wakaao karibu nao, hufa pia, na hao ndio wasaidizi wetu juu ya panya na viwavi. Tena kwelea katika Afrika wanakadiriwa kuwa zaidi ya milioni elfu moja, nao huhama kufuata mvua. Sumu haiwezi kuwamaliza. Kwa hiyo sikieni, wazazi: mtoto asile ndege aliyemwokota amekufa au anatapatapa. Sumu iliyomwua ndege yaweza kumdhuru mtoto.

Iko njia nyingine, na asili yake ni hapa kwetu. Katika nchi ya Kondoa, ambayo Chemba ilikuwa sehemu yake kabla ya kufanywa wilaya mwaka 2012, watu wametega kwelea kwa mitego ya vikapu vilivyosukwa, wakawala kwa kitoweo au kuwauza. Wataalamu wa siku hizi wameichunguza njia hiyo, wakaona ya kuwa kwelea aliyetegwa ni chakula, na maji hayatiwi sumu. Haitoshi peke yake kulizuia jeshi kubwa. Lakini mahali penye koloni dogo yafaa sana. Neno moja tu: mtegaji na ajue ndege zake. Asiyekuwa kwelea na afunguliwe akaruke.

Na kujua ndege ndilo shauri langu la mwisho. Mwalimu apeleke watoto bwawani siku moja ya masika, asubuhi na mapema, wakiwa wachache. Wakae mbali na kiota, wasikiguse wala kukata majani yanayokificha, maana mwewe na nyoka huwatazama watazamaji. Wasiingie katika maji yaliyotuama, kwa sababu ya kichocho. Waandike katika daftari tarehe, mahali, jina la ndege kwa Kiswahili na kwa lugha ya nyumbani, ya Wasandawe, Warangi au Wagogo, na alichokuwa akikila. Mwaka ujao wasome tena daftari lile, wakalinganishe. Wataona kama mvua imechelewa, na ndege gani amepungua.

Mtoto ajuaye kwamba huyu hula mtama na yule hula viwavi hatarusha jiwe ovyo. Atakapokuwa mwenye shamba, atajua ni nani wa kumwamia, na ni nani wa kumwachia kiota chake. Mvua zitakaponyesha, tokeni mkatazame.